Mtoto wa Panga ya Saidi ana miaka 78,000, kaboni 14 si inaishia 50,000? Naomba kueleweshwa kuhusu umri wa mifupa ya mapangoni pwani

Mpenda Mapango

Wakuu habari za muda huu. Naomba mwenye uelewa anisaidie mana kila nikisoma nazidi kuchanganyikiwa.

Iko hivi. Pango la Panga ya Saidi kule Kilifi walifukua mtoto mdogo wa kama miaka miwili na nusu hadi mitatu, wakampa jina Mtoto, na 2021 ikatangazwa kwamba alizikwa miaka 78,000 iliyopita na ndio kaburi la kale zaidi la binadamu wa aina yetu linalojulikana Afrika. Sawa. Lakini kila ninaposoma kuhusu kaboni 14 naambiwa mwisho wake ni miaka 50,000, ukivuka hapo haisomi kitu. Sasa hiyo 78,000 imetoka wapi?

La pili ni pango la Kuumbi, Unguja, upande wa Jambiani. Kuna maandishi yanasema kuku walikuwepo pwani yetu tangu maelfu ya miaka kabla ya Kristo, mengine yanasema hapana, kuku kaja juzi tu katikati ya milenia ya kwanza BK. Pango ni lilelile, mifupa inatoka humohumo, inakuwaje watu wanapishana kwa miaka elfu tatu na zaidi?

Na la tatu, nasikia kombe la baharini na mkaa vikitoka tabaka moja, kombe linatoka na umri mkubwa kuliko mkaa. Kivipi wakati vimelala pamoja? Msinichoke jamani, natamani sana kulielewa hili.

Mwanamaabara

Mkuu maswali mazuri sana, yote matatu yanaelekea sehemu moja. Mimi kazi yangu ni kuandaa sampuli za mifupa kabla hazijaingia kwenye mashine kwahiyo nitajibu kutokea huko, la makombe nawaachia wanaoyajua zaidi.

Kaboni 14 inazaliwa juu angani, miale ya kutoka mbali inagonga hewa, nyutroni zinakutana na naitrojeni na inatoka kaboni yenye mionzi. Mimea inaivuta, mnyama anakula mimea, sisi tunakula vyote viwili, kwahiyo kila kilicho hai kinayo, japo ni kidogo mno, kama atomi moja katika kila trilioni ya kaboni. Kiumbe akifa hapokei mpya tena na iliyomo inapungua, kila miaka 5,730 inabaki nusu yake. Willard Libby na wenzake kule Chicago walionyesha mwaka 1949 kwamba kwa njia hiyo unaweza kujua kitu kimekufa lini, na 1960 Libby akapata Nobeli ya Kemia.

Sasa piga hesabu. Miaka 50,000 ni karibu mara tisa za kukatwa nusu, kilichobaki ni chini ya asilimia 0.3 ya kilichokuwepo mwanzo. Kwa Mtoto kingebaki chini ya asilimia 0.01. Hapo kijizizi chembamba kilichopenya kwenye mfupa, au gundi aliyopaka mtu wa makumbusho miaka hamsini nyuma, inatosha kufunika kila kitu. Chukua mfupa wa zamani kupitiliza usio na kaboni 14 hata chembe, uchafue kwa asilimia moja tu ya kaboni ya leo, majibu yatakuja kwamba una miaka kama 37,000, na kwenye karatasi yanaonekana mazuri kabisa hayana dosari. Ndio mana ukiona mfupa umepewa miaka 38,000 au 40,000 kwa kaboni, usishangilie kabla hujauliza umesafishwaje.

Kwahiyo Mtoto hakupimwa kwa kaboni. Kilichopimwa ni udongo wa pale alipozikwa. Chembe za mchanga zikifukiwa zinaanza kulimbikiza nishati ya mionzi midogo iliyomo kwenye udongo wenyewe, na zikipigwa jua hata muda mfupi zinaitoa yote zinaanza upya. Unachukua mchanga bila kuupiga mwanga, unaupeleka chumba cha giza, unaumulika na kupima mwanga unaotoa, hapo unajua chembe hizo ziliona jua mara ya mwisho lini. Njia hiyo inafika mbali kuliko kaboni. Na uzuri wa Mtoto ni kwamba ni kaburi, yaani shimo lilichimbwa makusudi na kufukiwa, kama mita tatu chini ya sakafu ya pango ya leo. Vipande vya kwanza vilionekana 2013, shimo lenyewe wakalifikia vizuri 2017, mifupa ilikuwa imeoza kiasi kwamba haishikiki, wakakata bonge zima la udongo wakalifunga kwa plasta likaenda Makumbusho ya Taifa Nairobi halafu Burgos, Hispania, likafukuliwa polepole maabara. Alikuwa amelazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani.

Kuhusu kuku wa Kuumbi, hapa ndipo kazi yangu ilipo. Umri wa zamani sana ulitokana na tabaka, yaani mfupa umekutwa tabaka fulani, tabaka lina mkaa, mkaa unapimwa, kuku anarithishwa umri wa mkaa. Sasa pango ni nyumba ya panya, ya kaa, ya popo, na watu nao walichimba mashimo, wakawasha moto, wakafagia. Kimfupa cha kuku ni chepesi, kinadondoka kwenye tundu la panya kinashuka nusu mita na hakuna anayejua. Dawa yake ni kupima mfupa wenyewe. Mwaka 2017 ilitoka kazi kubwa ya mabaki ya wanyama kutoka maeneo 22 ya Afrika Mashariki, kwanza walithibitisha kwa protini na DNA kwamba kweli huyu ni kuku na huyu ni panya mweusi wa Asia (mana mfupa wa kuku na wa kanga ukivunjika wanafanana mno), halafu ndio wakaipima mifupa yenyewe kwa kaboni. Jibu likawa wote wawili wamekuja katikati ya milenia ya kwanza BK. Mimi kwa upande wangu hilo limeshanitosha, mpaka aje mtu na mfupa wa kuku uliopimwa wenyewe ukatoa umri wa kabla ya Kristo.

Binti Mwambao

Kaka Mwanamaabara umeeleza vizuri, ngoja nimalizie la makombe mana ndilo linalotusumbua zaidi sisi tunaoshughulika na ukanda wa bahari.

Mpenda Mapango, bahari haina kaboni ileile ya hewa. Maji ya chini kabisa yanakaa humo karne nyingi bila kugusana na hewa, kaboni 14 yake inapungua hukohuko, halafu yanapanda juu yanachanganyika na maji ya juu. Kwahiyo chaza aliyevuliwa hai tuseme mwaka 1900, ukimpima kwa hesabu ya nchi kavu, anatoka kama kafa miaka mia nne au mia tano kabla ya hapo. Hajakosea mtu, ndivyo alivyokula. Ndio mana majedwali ya kugeuza kipimo cha kaboni kuwa miaka ya kalenda yako mawili tofauti, la hewa na la bahari, yaliyotoka 2020 yanaitwa IntCal20 na Marine20, na juu ya hilo la bahari unaongeza marekebisho ya sehemu yako, mana pale maji ya chini yanapopanda kwa nguvu tofauti inakuwa kubwa zaidi. Ili kupata hayo marekebisho wanatafuta makombe ya makumbusho yaliyookotwa hai mwaka unaojulikana, kabla ya majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 60 yaliyojaza hewa kaboni 14 mpaka karibu mara mbili.

Sasa hamia kwa binadamu. Mtu aliyekula samaki, kombe na pweza maisha yake yote, mifupa yake imejengwa kwa kaboni ya bahari. Ukimpima bila kuangalia alikula nini unamzeesha kwa karne nzima au zaidi, na ukimlinganisha na mbuzi aliyezikwa naye siku hiyohiyo mbuzi anaonekana kaja miaka mia tatu baadaye! Kwahiyo maabara nzuri inapima pia isotopu (atomi za aina moja zenye uzito tofauti) za kaboni na naitrojeni kwenye kolajeni, yaani protini ya mfupa. Mla vya baharini tupu namba ya kaboni yake (uwiano wa kaboni 13 na 12 ukilinganishwa na kipimo cha kawaida, kwa elfu) inakaa kwenye kama -12, mla mimea ya msituni na wanyama wake kwenye -20 au -21, akiwa katikati unakadiria kama ni nusu ya chakula chake iliyotoka baharini au robo, unachanganya majedwali mawili kwa kiwango hicho.

Na hapa niseme jambo ambalo wenzetu wa Ulaya hawalipati sana. Huko kwao ukiona namba imepanda kuelekea -12 unasema samaki, basi. Kwetu kuna mtama, wimbi, na majani ya mbugani wanayokula ng'ombe, hivyo vyote vinapandisha namba ileile. Mtu wa pwani wa miaka elfu moja iliyopita aliyekula ugali wa mtama na maziwa anaweza kufanana kwenye kaboni na mvuvi. Ndio unaitegemea naitrojeni, ambayo kwa kawaida inapanda kwa mla samaki, iwatenganishe na mara nyingine nayo haitoshi, mana samaki wa kwenye matumbawe hawaipandishi sana. Ukiona ripoti ya mifupa ya watu wa pwani haina hata mstari mmoja kuhusu chakula, umri wake uchukue kwa tahadhari.

Konokono wakubwa wa nchi kavu nao wapo wengi kwenye mapango yetu. Wanalamba mawe ya chokaa kujenga nyumba yao na chokaa ni kaboni iliyokufa zamani mno, kwahiyo gamba linatoka zee kuliko konokono mwenyewe. Mapango yetu yote haya ni ya chokaa na matumbawe, kwahiyo nikiwa na mkaa wa kijiti chembamba au mbegu iliyoungua naacha konokono pembeni.

Shaka Kwanza

Samahani naomba kupinga kidogo kwa nia njema. Mnasema mkaa unadanganya, kombe linadanganya, konokono anadanganya, mfupa ukichafuka unadanganya. Sasa sisi wa kawaida tuamini nini? Si inaonekana mtu anachagua jibu analotaka halafu mengine anayatafutia sababu?

Mwanamaabara

Ndugu hoja yako ni halali na watu wa fani hii wenyewe wameshaibishania sana. Nikupe mfano wa pango la pwani ambalo lilipitia hayo yote, Paviland kule Wales, Uingereza. William Buckland alifukua mifupa pale 1823, ilikuwa imepakwa rangi nyekundu ya udongo, akaamini ni mwanamke wa zama za Warumi. Baadaye ikajulikana ni kijana wa kiume. Miaka ya 1960 kaboni ikasema karibu 18,500. Wakarudia kwa mashine mpya, karibu 26,000. Wakarudia tena kwa kusafisha kwa ukali zaidi, karibu 29,000, na ukiiweka kwenye jedwali inakuwa zaidi ya miaka 33,000 ya kalenda. Mifupa ni ileile.

Sasa ona majibu yalisogea upande gani. Yote yalienda upande mmoja, kuzeeka, na ndivyo inavyotakiwa kuwa kama tatizo ni uchafu mpya, mana kwa mfupa wa umri huo uchafu wa karne za karibuni unaufanya uonekane kijana, ukiutoa unazeeka. Mtu angekuwa anachagua tu jibu analolipenda majibu yangeruka huku na huku. Na hiyo ya 18,500 ilikuwa inamweka yule kijana katikati ya baridi kali kabisa ya zama za barafu wakati Uingereza ilikuwa karibu haikaliki, kwahiyo watu walikuwa na sababu ya kuuliza tena hata kabla ya mashine mpya.

Ngoja nikueleze mfupa unavyosafishwa ili uone tunachoamini ni nini. Unakata kipande, kwa kawaida nusu gramu hadi gramu moja, unakwangua uso wote wa nje kwa kidrili kidogo mpaka rangi ya udongo iishe. Unaweka kwenye tyubu na tindikali ya haidrokloriki iliyopunguzwa nguvu, sehemu ya baridi. Unaona mapovu madogo yanapanda, hiyo ni madini ya mfupa yanayeyuka. Unamwaga unaweka nyingine, siku zinaenda, mapovu yanakata, na ukigusa kile kipande kwa kijiti cha kioo sasa kinapinda, umbo la mfupa lipo ila ugumu umekwisha. Halafu unaweka alikali, na hapa mimi huwa naangalia kwa makini sana, maji yakigeuka kahawia ndio uchafu wa udongo na majani yaliyooza unatoka, unarudia mpaka yabaki meupe. Kisha maji ya vuguvugu yanayeyusha kolajeni, unachuja, unagandisha na kukausha, unabaki na kitu cheupe chepesi mfano wa pamba. Hiyo ndiyo inayoingia kwenye mashine, sio mfupa.

Kabla ya kuingia inakaguliwa. Uwiano wa kaboni na naitrojeni uwe kati ya 2.9 na 3.6, ukitoka nje ya hapo hiyo sio kolajeni safi na tunaitupa hata kama mteja kasubiri mwaka mzima. Kolajeni ikiwa chini ya asilimia moja ya uzito wa mfupa tunakuwa na wasiwasi, mana mfupa mbichi una kama asilimia ishirini. Na huku kwetu joto linaila, mifupa mingi ya tropiki haitoi kitu kabisa, unafungua tyubu asubuhi haina chochote. Wapo wanaopima madini ya mfupa badala yake, mimi siyaamini kwa mfupa usiochomwa, yanabadilishana kaboni na maji ya pango, hasa pango la chokaa.

Binti Mwambao

Niongeze kwa Shaka Kwanza, umri mzuri ni ule ambao vitu visivyojuana vinakubaliana. Kuumbi kuna mifupa ya pundamilia na nyati kwenye tabaka za chini. Pundamilia hawezi kuogelea kutoka bara mpaka Jambiani. Miaka 20,000 hivi iliyopita barafu ilifunga maji mengi sana duniani, bahari ikashuka kama mita 120, na Unguja ilikuwa imeungana na bara, mnyama anatembea tu. Bahari ilipopanda mwisho wa zama za barafu kisiwa kikakatika na wanyama wakubwa wakapungua mpaka wakaisha. Kwahiyo ukipewa pundamilia wa Kuumbi wa miaka elfu mbili iliyopita unajua kuna kitu hakijakaa sawa hata kabla ya kusoma ripoti ya maabara. Pemba ni habari nyingine, mkondo wake ni wa kina kirefu mno, yenyewe ilikuwa kisiwa hata wakati huo.

Na mifupa ya watu ipo iliyopimwa yenyewe. Utafiti wa DNA ya kale wa 2017 ulikuwa na mtu wa Kuumbi wa kama miaka 1,300 iliyopita, mtu wa pango la Makangale Pemba wa kama 1,400, na mmoja wa Panga ya Saidi wa kama miaka 400 tu. Nasaba yao ni ya wawindaji na wakusanyaji wa kale, sio wakulima. Fikiria hilo la Panga ya Saidi, miaka 400 ni juzi, Fort Jesus Mombasa imeshajengwa, na bado kuna mtu wa nasaba hiyo kazikwa humo. Bila kupima mfupa wenyewe angewekwa tu kwenye fungu la "zama za mawe" na habari yake ingekwisha hapo.

Mzee wa Kaya

Wanangu nimesoma yote na nimefurahi mnavyoeleza kwa Kiswahili. Mimi nina jambo. Mapango hayo sisi tunaenda kuomba, Panga ya Saidi watu wanaenda mpaka leo. Huyo aliyemo humo ni babu wa mtu. Mnapokata kipande cha mfupa, mnakata kiasi gani, na nani amewaruhusu?

Mwanamaabara

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ndilo lingetakiwa kuwa la kwanza.

Zamani kabla ya mashine za kuhesabu atomi moja moja walihitaji gramu nyingi sana, mfupa mzima wa paja unaweza kuisha. Tangu mwisho wa miaka ya 1970 mashine inahesabu kaboni 14 zenyewe badala ya kusubiri zioze, kwahiyo siku hizi ni kipande cha ukubwa wa ukucha, na tukiweza tunakata sehemu iliyokwisha kuvunjika, tunapiga picha na vipimo kwanza, na kipande hichohicho kinatumika kwa chakula, DNA na umri ili mtu asikatwe mara tatu. Mimi naona hata hivyo kama kolajeni ya jirani zake wa tabaka lilelile imeshaonekana haipo, mtu asikatwe kabisa. Hapo jaribu mfupa wa swala kwanza.

Ruhusa kisheria Kenya ni kupitia Makumbusho ya Taifa chini ya sheria ya 2006, Tanzania bara kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Lakini sheria haitoshi mzee, wenyeji wa pango waulizwe kabla ya jembe kushuka, na majibu yarudi kwao kwa lugha yao, sio yaishie kwenye jarida la nje ambalo kulisoma mpaka ulipie.

Mzee wa Kaya

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye majibu kurudi ndipo penye maneno.

Mpenda Mapango

Nawashukuru sana wote, na mzee asante kwa swali lako. Nimeelewa kumbe la kuuliza kwanza ni kitu gani hasa kimepimwa. La mwisho tu, mifupa iliyoungua je? Mana mapangoni inaonekana mingi, mingine myeusi mingine myeupe kama chokaa.

Mwanamaabara

Ziko tofauti mkuu. Nyeusi imeungua nusu, kolajeni imeharibika na inanyonya uchafu wa udongo, mara nyingi tunaiacha. Nyeupe iliyopata moto mkali zaidi ya nyuzi 600 madini yake yamejipanga upya na kuwa magumu, hayabadilishani tena kirahisi na maji, kwahiyo hiyo inapimika hata pale kolajeni ilipokwisha, na kwa joto letu la pwani hiyo ni bahati kubwa. Ila sehemu ya kaboni yake inatoka kwenye kuni zilizoichoma, kwahiyo kama walichoma gogo la mti mzee umri utazidi kidogo. Mchimbaji atenge nyeupe mfuko wake na nyeusi mfuko wake palepale shimoni, aandike kina, na mkaa wa moto huohuo auchukue kama upo, tuangalie ni wa tawi au wa gogo.